Gesi Kwa Gari ya Safari: Piga Hesabu ya Doo, Kisha Piga ya Majirani

Wasee wa mtaa, tukae chini tuongee. Kama una gari ya safari, ama mzae wako ako nayo, ama unaendeshea mdosi fulani na kulala nayo nje ya ploti, najua kuna fundi ashakuambia haya maneno: "Buda, weka gesi. Petroli utaisahau." Kama bado hajakuambia, ngoja. Siku bei ya mafuta itapanda tena atakuja, na siku hiyo utamskiza vizuri sana.

Na hauwezi laumiwa. Ukitembea Umoja, Donholm ama Buruburu saa kumi na moja asubuhi, utacheki zile gari za paa la kufunguka zikioshwa, dereva akiwa na shati la kaki, anangoja simu ya kumtuma kuchukua wageni Embakasi. Mtu anaona gari ya mbuga za wanyama anadhani huyo dereva ameomoka. Hajui kwamba kuna miezi wageni wanajaa mpaka gari hazitoshi, wakati nyumbu wanavuka mto kule Mara, halafu kuna miezi gari inakaa kwa parking ikikusanya vumbi na mwenye gari anadaiwa na benki. Katikati ya hizo miezi mbili, kila shilingi ya mafuta inahesabiwa.

Sasa hii stori ya gesi imerudi mtaani na moto, na wengi wanaifanya kwa haraka. Mimi siko hapa kukuambia usiweke. Niko hapa kukuambia kuna hesabu mbili, na fundi anakuonyesha moja tu. Hata hiyo moja, anakuonyesha nusu.

Hii wazo lilitoka wapi

Kumbuka 2023. Kuanzia Julai mwaka huo, ushuru wa VAT kwa mafuta ya gari ulitoka asilimia 8 ukaenda 16. Mwaka huohuo, gesi ya kupikia ikatolewa VAT kabisa. Yaani gava ilipandisha ushuru mkono mmoja na kuuondoa kwa mkono ule mwingine. Ikifika Septemba 2023, EPRA wakatangaza petroli Nairobi ni shilingi 211.64 kwa lita. Mara ya kwanza kuvuka soo mbili. Oktoba ikafika 217.36. Mathree zikapandisha nauli, wasee wa teksi wakalia, na wenye gari za safari walikuwa washakubaliana bei na wageni miezi mingi nyuma, kwa hivyo ile tofauti walimeza wenyewe.

Hapo ndipo kila mtu akaanza kuangalia mtungi wa jikoni kwa jicho lingine. Gesi ni ileile, si ndio? Propeni na butani, imetoka meli Mombasa, iko kwa mtungi wa kilo 13 kando ya sinki. Na kweli gari inaweza kuitumia. Uturuki kuna mamilioni ya gari zinazotumia gesi hii. Poland, Italia, Korea Kusini, huko ni kitu ya kawaida, teksi zinajaza gesi kama vile wewe unajaza petroli. Kwa hivyo mtu akikuambia gari ya gesi ni bomu, huyo naye anakudanganya. Gari ya gesi iliyofungwa vizuri ni gari tu.

Shida yote iko kwa hilo neno "vizuri".

Swali la kwanza: injini yako ni gani?

Kabla hata ya bei, fungua boneti. Gari nyingi za 4x4 unazoona zikienda Mara, zile Land Cruiser zimerefushwa, zinatumia dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, halafu dizeli ikirushwa ndani inawaka yenyewe. Gesi haiwaki hivyo. Ukitaka dizeli itumie gesi, lazima bado urushe dizeli kidogo ya kuwasha, na gesi ichukue sehemu tu ya kazi. Huo ni mfumo mwingine, ghali zaidi, na faida yake ni ndogo. Fundi akikuambia anaweza kugeuza Land Cruiser yako ya dizeli iwe ya gesi tupu kwa wikendi moja, mshukuru na uende zako.

Kwa hivyo hii maneno ni ya wenye petroli: Prado ya petroli, matatu ya petroli iliyokatwa paa, Noah na zile ndogo zinazopeleka wageni Nairobi National Park asubuhi na Karen mchana. Ukiwa hapo, tuendelee.

Hesabu ya doo, bila kuficha kitu

Shika simu, fungua kikokotoo. Nitatumia bei za mfano ili hesabu iwe rahisi, wewe utaweka za leo.

Tuseme petroli ni 180 kwa lita na gari yako inaenda kilomita 9 kwa lita. Hiyo ni mbao kwa kila kilomita. Sasa gesi. Lita moja ya gesi ina nguvu kidogo kuliko lita moja ya petroli, kwa hivyo gari itakunywa lita nyingi zaidi, kama asilimia 20 hivi. Kilomita 9 zinashuka kuwa 7.5 kwa lita. Kama gesi ya gari ni 120 kwa lita, kila kilomita inakugharimu 16. Umeokoa shilingi nne. Sio kumi, sio nusu ya bei. Nne.

Tuseme kufungiwa mfumo ni 120,000. Gawanya kwa nne. Lazima uendeshe kilomita 30,000 ndio urudishe pesa yako. Baada ya hapo ndio faida inaanza.

Na kuna kanuni rahisi ya kushika kwa kichwa. Chukua bei ya petroli, gawanya kwa sita, zidisha kwa tano. Petroli ikiwa 180, unapata 150. Gesi ikifika 150 kwa lita, hauokoi hata ndururu, unabeba tu tangi kama mzigo. Na kitu wengi hawajui: kila tarehe 14 EPRA wanatangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi haiko kwa hiyo orodha. Bei yake inapangwa na soko, inapanda bila kupiga hodi. Kwa hivyo ile tofauti unayoiona leo, hakuna mtu amekuahidi itakuwa hapo mwaka ujao.

Sasa tuiweke kwa safari ya kweli. Wageni wanataka Mara siku tatu. Kutoka Nairobi mpaka lango la Sekenani ni zaidi ya kilomita 200, ongeza kuzunguka mbugani asubuhi na jioni, ongeza kurudi. Tuseme 700 kwa jumla. Tangi yako ya gesi ni ya lita 60, lakini tangi ya gesi haijazwi yote. Inajazwa asilimia 80 pekee, na nitakuambia kwa nini. Hiyo ni lita 48. Mara 7.5, unapata kilomita 360. Umefika Mara, umezunguka siku moja, gesi imeisha. Utajaza wapi? Utarudi Nairobi na petroli.

Kwa hivyo kwa safari nzima umeokoa shilingi nne mara 360, yaani 1,440. Gawanya 120,000 kwa hiyo. Safari 83. Ukipata safari nne kila mwezi bila kukosa, ni karibu miaka miwili, na wewe unajua vile Aprili na Mei hukuwa.

Fundi mjanja atasema, "Basi weka matangi mawili." Sawa. Lita 96, kilomita 720, safari yote kwa gesi. Umeokoa 2,880. Kama kazi sasa ni 160,000, ni safari 56. Hesabu imekaa poa kidogo. Lakini matangi mawili ya kuweka wapi?

Matangi yanakaa wapi

Hapa ndio gari ya 4x4 inatofautiana na teksi ya town. Teksi inaweka tangi ya umbo la donati pale tairi ya spea hulala. Gari ya safari inahitaji ile spea, saa zingine mbili, kwa sababu mawe ya kule hayana huruma. Nyuma kuna mizigo ya wageni na kreti za maji. Ukiweka tangi ndani, umekula nafasi ambayo mgeni amelipia. Na tangi ikikaa ndani, lazima valvu zake zifunikwe na boksi isiyopitisha hewa, na bomba la kutoa gesi nje chini ya gari, ndio ikivuja kidogo isijae pale wageni wamekaa. Usidanganyike na lile paa la kufunguka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi itoke juu. Inashuka, inakaa miguuni kama maji.

Basi inabaki chini ya gari, kati ya vyuma vya chasi. Huko ndiko matangi ya 4x4 hufungwa sana, na inawezekana kabisa. Lakini cheki: tangi isishuke chini kuliko difu, ikae mbali na bomba la moshi ama iwekewe ngao ya joto, ishikwe na mikanda ya chuma iliyofungwa kwa chasi na boliti, si kuchomelewa kwa tangi yenyewe. Mtu akikuja na mashine ya welding karibu na tangi, simamisha kazi. Halafu iwe na bamba la kuikinga mawe. Gesi yenyewe kwa lita 96 ni kilo 52 hivi, bado hujahesabu chuma cha matangi. Springi za nyuma zitaskia, na utaskia wewe ukipita zile bonde za matope meusi wakati wa mvua.

Kwa hivyo ukweli wa hii hesabu ni huu. Kama gari yako inazunguka Nairobi kila siku, airport, hoteli, Nairobi National Park, kilomita 100 kwa siku na unalala karibu na mahali pa kujaza, gesi inaweza kukulipa ndani ya mwaka mmoja hivi. Kama kazi yako ni Mara, Samburu na Amboseli, gesi ni ndoto ya fundi, si yako. Gari ambayo inaonekana inahitaji kuokoa mafuta sana ndiyo inafaidika kidogo zaidi.

Sasa ile njia ya mkato

Hapa ndio nilitaka tufike. Kuna jamaa tunaishi ploti moja, yuko na gari ya petroli ya kubeba wageni. Alienda kwa fundi fulani akaambiwa mfumo kamili ni pesa mingi. Halafu fundi akashusha sauti: "Lakini naweza kukufungia na mtungi wa jikoni. Kilo 13. Kazi ya siku moja, unalipa kidogo tu." Jamaa akaja kuniuliza maoni, akiwa ameshika funguo, nusu ashaamua.

Tulipiga hesabu pamoja kwa ngazi. Mtungi wa kilo 13 ni kama lita 24. Tuseme anaujaza kwa 3,200. Gawanya kwa 24, ni kama 133 kwa lita. Kwa gari yake hiyo ni 17.80 kwa kilomita, na petroli ni 20. Ameokoa shilingi mbili na senti. Kwa kilomita 100 kwa siku, anaingiza soo mbili na mbao. Hiyo ndiyo bei ya ile njia ya mkato. Chapati na ndengu, na chai juu.

Na anabeba nini kwa hizo soo mbili? Nikufafanulie polepole, kwa sababu mafundi wengi hawaelezi, na wengine hawajui.

Mtungi wa jikoni ukisimama wima unatoa mvuke wa gesi kutoka juu. Kwa kupika hiyo inatosha. Injini inavuta gesi nyingi mara kadhaa zaidi. Ukivuta mvuke kwa nguvu hivyo, mtungi unapoa, unaota barafu kwa nje, gesi inakosa nguvu, gari inakohoa. Fundi wa mkato anafanyaje? Anaulaza mtungi ama anaugeuza kichwa chini, ndio gesi itoke ikiwa maji. Sasa una gesi ya maji inapita kwa mpira wa jikoni, kwa valvu ambayo haikuundwa kwa hiyo kazi, ikitikiswa na kila shimo la Outering. Na tone moja la ile maji likitoka nje linafura na kuwa gesi mara zaidi ya 250.

Tangi halisi ya gari ina kitu kinaitwa multivalvu. Hiyo kitu moja inafanya kazi nne. Inafunga kujaza ikifika asilimia 80. Inatoa gesi nje polepole kama presha imepanda sana, badala ya tangi kupasuka. Inafunga yenyewe kama bomba limekatika ghafla. Na ina swichi ya umeme inayofunga gesi injini ikizima, kwa mfano umegongwa. Mtungi wa jikoni hauna kizuizi cha kujaza wala hiyo swichi ya umeme.

Kwa nini asilimia 80? Kwa sababu gesi ikiwa maji hufura sana ikipata joto. Ukijaza mpaka juu usiku wa baridi Nairobi, halafu uteremke na gari Amboseli jua la saa nane, ile maji inatafuta nafasi na hakuna. Presha haipandi polepole hapo, inaruka. Ile asilimia 20 ya juu si hasara. Ni mahali pa gesi kupumua.

Wafaransa walijifunza hii kwa uchungu. Januari 1999, mji wa Vénissieux karibu na Lyon, gari ya gesi iliwashwa moto na wahuni. Tangi yake haikuwa na valvu ya kupunguza presha. Wazima moto walipokuwa wakiizima, ikalipuka, na kadhaa wakaumia vibaya. Baada ya hapo, Ufaransa ikalazimisha hiyo valvu kwa gari za gesi. Valvu ndogo. Ukiiona mkononi unadhani ni ya bomba la maji.

Hesabu ya pili: wale wanalala juu yako

Sasa hii ndio hesabu haiko kwa kikokotoo.

Wewe na gari yako mnalala wapi? Kama ni Pipeline, Kayole, Umoja ama Embakasi, unalala kwa ploti ya sakafu saba, nane. Gari ziko chini zimebanana, lango limefungwa saa tano usiku. Kando ya lango kuna mama wa chapati na jiko lake. Sakafu ya kwanza kuna wapangaji wenye watoto. Kuna mtaro unapita chini ya ukuta mpaka ploti inayofuata. Gesi ikivuja usiku, haipandi ikapeperuka. Inashuka kwa sakafu ya parking, inaingia kwa mtaro, inatembea kimya mpaka ipate moto. Inaweza kupata kiberiti cha mtu ambaye hajui hata gari yako ni ya gesi.

Hatuongei nadharia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka. Moto ukasambaa mpaka magodauni na nyumba za watu. Watu wakafa, na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Wengi walikuwa kwa keja zao. Hawakuwa wananunua gesi, hawakuwa wanauza, walikuwa wanajitayarisha kulala.

Na kesho yake tukajua kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. EPRA walisema walikuwa wamekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mara tatu mwaka wa 2023: Machi, Juni na Julai. Sababu mojawapo ilikuwa hii hii: watu ni wengi sana hapo karibu. Mara tatu karatasi ikasema hapana. Gesi ikawa hapo. Baadaye maafisa wa NEMA wakasimamishwa kazi kwa sababu ya vibali.

Mimi naisoma hivi. Karatasi ya kukataa haina mikono. Haiwezi kutoka ofisini ikashika lango. Na kama gava ilishindwa kuona malori ya gesi kwa uwanja mzima, nani ataona mtungi mmoja umelazwa nyuma ya kiti cha gari kwa ploti yako? Hakuna. Utauona wewe. Kwa hivyo wa kwanza kukagua ni wewe, na huo si uzalendo, ni kujipenda.

Lakini gava haitoki hapa bila swali. Huwezi kupandisha ushuru wa petroli, uondoe wa gesi, halafu ushangae watu wakihama. Doo hufuata njia rahisi kama maji. Kama umesukuma madereva upande wa gesi, wape mahali pa kufungiwa panapojulikana, orodha ya mafundi waliofunzwa ambayo msee anaweza kuicheki kwa simu, na ukaguzi unaoangalia tangi kweli, si kuangalia stika. Gari za abiria tayari hupelekwa NTSA kukaguliwa kila mwaka. Kuangalia mhuri wa tangi na kupaka sabuni kwa bomba ni dakika kumi.

Na kama vituo vya gesi ni vichache, watu watajaza kwa vichochoro. Sheria ya gesi ya 2019 inakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni bila ruhusa ya mwenye mtungi, lakini sisi wote tunajua kuna mahali mtaani mitungi inajazwa usiku kwa mpira na mzani wa nyanya. Ukifunga gari na mtungi wa jikoni, hao ndio watakuwa kituo chako cha mafuta. Unawapa biashara, na wao ni majirani wa mtu pia.

Ukiamua kuweka, uliza haya

Kama hesabu yako ya town imekubali, fiti, weka. Lakini nenda na haya maswali na usione aibu kuuliza. Pesa ni zako.

Tangi ina mhuri wa 67R? Hiyo ni alama ya kimataifa ya matangi ya gesi ya gari. Imechongwa kwa chuma pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Ikiwa imekwaruzwa ama ni stika tu, kataa. Ikiwa ni ya mtumba, angalia mwaka. Nchi kadhaa za Ulaya hupima ama hubadilisha tangi ikifika miaka 10, na baada ya hapo nyingine hutafuta soko mahali kama kwetu.

Multivalvu ni mpya na ni ya hiyo tangi? Mwambie akuonyeshe kabla ya kufunga.

Reduza inapashwa joto na maji ya rejeta? Lazima. Ndiyo inageuza maji ya gesi kuwa mvuke. Ndio maana gari ya gesi huwaka na petroli kwanza, injini ikishapata joto inahamia gesi yenyewe. Kwa hivyo petroli haitoki kwa maisha yako, bado utaweka. Na pampu ya petroli huteseka ikizunguka bila mafuta, usiache tangi ikauke.

Atakagua aje kama inavuja? Jibu ni maji ya sabuni kwa kila kiungo. Akitoa kiberiti, kimbia, na hapa sitanii.

Injini yangu itavumilia? Gesi huwaka ikiwa kavu na moto, na injini zingine hula viti vya valvu polepole. Uliza kuhusu injini yako hasa, na baadaye upime nafasi ya valvu kwa wakati.

Utanipa karatasi? Jina la garaji, namba ya tangi, tarehe. Kisha uliza NTSA kuhusu kubadilisha rekodi ya gari, na uambie kampuni ya bima kwa maandishi. Ukificha kitu kikubwa kama hicho, siku ya ajali bima ina sababu ya kukukana, na una wageni wanne nyuma wenye mawakili kwao nyumbani.

Na mwisho kabisa, mwambie landlord na majirani. Najua, hii ndio ngumu. Utaulizwa maswali mingi. Lakini kama kazi imefanywa vizuri, una majibu na una karatasi. Kama unaona aibu kuwaambia, basi ushajua ni kazi ya aina gani umefanyiwa. Na mlinzi wa lango ajue harufu ya gesi usiku inamaanisha nini: asiwashe taa wala tochi ya kiberiti, afungue lango, aamshe watu.

Yule jamaa wa ploti

Unataka kujua aliamua nini. Hakuweka mtungi. Si kwa sababu nilimtisha na Mradi, yeye mwenyewe alikuwa Embakasi ule usiku na aliona mbingu imekuwa nyekundu. Alikuwa ameshaweka hiyo kumbukumbu kando, vile sisi wote huweka kando vitu ndio tuweze kuamka kesho. Kilichomrudisha ni hizo soo mbili na mbao. Alisema, "Kumbe nilikuwa nauza ploti yote kwa bei ya chapati."

Bado analia na bei ya petroli kila tarehe 14. Alipunguza mzigo wa paa usio na kazi, anaweka presha ya tairi sawa, hanyanyui gari kwa resi akitoka Narok, na kwa kazi za town anafikiria mfumo halali akipata pesa. Ni polepole. Haina utamu wa "petroli utaisahau."

Wewe je? Gari yako inalala wapi, na nani analala juu yake? Fanya hizo hesabu mbili usiku wa leo kabla ya kumpigia fundi. Ya kwanza inahitaji simu. Ya pili, panda tu ngazi za ploti yako ukihesabu milango.